Tarehe ya sheria haisogei na imebaki miezi 8: wotafoli, ajaili au tuchanganye?

nahodha_wa_mradi

Wakuu salaam. Naomba tusaidiane mawazo maana huku ofisini tumegawanyika kambi mbili na siku zinakatika.

Iko hivi. Sisi tunatoa huduma za malipo, mdhibiti katoa kanuni mpya zinazoanza kutumika baada ya miezi 8, na hiyo miezi ukiichambua sio 8 kweli, ndani yake kuna likizo, kuna ukaguzi wa hesabu, kuna kile kipindi cha mwisho wa mwaka ambacho mifumo inafungwa na hakuna anayeruhusiwa kubadilisha kitu. Kanuni zinataka mambo matatu makubwa. La kwanza kila siku tupeleke ripoti ya miamala kwa fomati ya mdhibiti mwenyewe. La pili mteja athibitishwe kwa hatua mbili kabla hela haijatoka. La tatu data za wateja zitunzwe kwa muda uliowekwa, muda ukiisha zifutwe, na tuweze kuonyesha kwamba zimefutwa kweli. Tukichelewa ni faini, na leseni inaweza kuguswa.

Sasa meneja wa miradi na watu wa sheria wanataka wotafoli, yani tuandike mahitaji yote, yasainiwe, tusanifu, tujenge, tujaribu, tukabidhi. Wanasema sheria haibadiliki kila wiki na mdhibiti anataka makaratasi. Watu wa programu wanataka ajaili, yani tujenge kipande kidogo kidogo na kurekebisha tukienda, kwa mtindo wa skramu wenye vipindi vifupi vya kazi (spirinti) vya wiki mbili mbili, wanasema tukikaa miezi mitatu tunaandika nyaraka tutakuja kushtuka muda umeisha na hakuna kilichojengwa. Mimi ndo natakiwa nipeleke pendekezo kwa kamati ya uongozi na kusema ukweli kila upande naona una hoja.

Kinachoniumiza kichwa zaidi, muongozo wa kiufundi wa hiyo ripoti haujatoka kamili, kuna rasimu tu, la mwisho tumeambiwa litakuja. Mliowahi kupita kwenye njia hii mlichagua vipi?

mzee_wa_mifumo

Nahodha pole na hongera kwa kuuliza mapema. Naanza na kitu ambacho kwenye kamati kitakusaidia.

Ajaili inaokoa mradi kwa kupunguza upana wa kazi. Muda umefungwa, watu ni wale wale, basi kisichokuwa cha lazima kinasubiri toleo linalofuata. Ndo siri yake yote pale muda unapobana. Kwenye sheria sasa huo mlango unaonekana umefungwa, huwezi kumwambia mdhibiti hatua ya pili ya uthibitisho tutaileta robo ya tatu. Muda haupungui, kazi haipungui. Kuongeza watu? Fred Brooks, mtaalamu wa programu, alishasema tangu 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa unazidi kuuchelewesha, maana wapya wanahitaji kufundishwa na wanaofundisha ndo wale wale waliokuwa wanafanya kazi. Kinachobaki kubanwa ni ubora, na ubora kwenye mfumo wa hela haubanwi.

Lakini huo mlango haujafungwa kama watu wanavyodhani. Chukua kanuni yenyewe, sio mawasilisho ya mshauri wala muhtasari wa mtu, kaa na mwanasheria mmoja na mtaalamu mmoja wa mfumo, someni kifungu kwa kifungu, na kila hitaji lililo kwenye orodha yenu lionyeshe kifungu lilipotoka. Utashangaa. Kuna mambo mengi kwenye orodha za miradi ya sheria hayapo kwenye sheria, yameingia kwa sababu idara fulani iliona bajeti imepita ikaona nayo idandie, dashibodi mpya, kubadilisha muonekano wa aplikesheni, ripoti za ndani ambazo mkurugenzi alizitaka tangu zamani. Hayo yote yatolewe nje ya mradi huu. Sio yasogezwe mwisho, yatolewe kabisa.

Kuna ule utaratibu wa kugawa mahitaji kwa lazima, muhimu, ikiwezekana na sio sasa, aliouleta Dai Clegg mwaka 1994, na watu wa DSDM (moja ya mbinu za ajaili) wanashauri kazi za lazima zisizidi asilimia 60 ya nguvu yote ya timu. Maana yake ile iliyobaki ndo kinga yako mambo yakienda mrama. Ukipeleka kwa kamati mpango ambao asilimia 100 ni lazima, hapo hujapeleka mpango.

bi_mkaguzi

Nachangia kutoka upande wa pili wa meza maana mimi ni mtu wa uzingatiaji, yani wa kuhakikisha taasisi inafuata sheria, nakaa na wakaguzi.

Hii hoja kwamba mdhibiti anataka wotafoli naisikia kila mradi na inanisikitisha, inazuia watu wazuri kufanya kazi vizuri. Mkaguzi akija haulizi mlitumia mbinu gani. Anauliza: kifungu hiki mlikitafsiri vipi, nani aliidhinisha tafsiri hiyo, iko wapi kwenye mfumo, mliijaribu lini, matokeo yako wapi, na aliyeruhusu iingie kazini ni nani. Ukimjibu hayo kwa ushahidi wenye tarehe anaendelea na swali lingine.

Angalieni hata sehemu ambazo programu ikikosea mtu anakufa. Kiwango cha IEC 62304 cha mwaka 2006, kinachohusu programu za vifaa tiba, kinataka shughuli na ushahidi lakini hakilazimishi mtindo mmoja wa kujenga, na mwaka 2012 chama cha AAMI cha Marekani kikatoa muongozo mzima, TIR45, wa namna ya kutumia ajaili kwenye programu hizo. Kama kwenye vifaa tiba inawezekana, kwenye ripoti ya miamala haiwezi kushindikana.

Na nawaambia pia vijana wa skramu, ile tamko la ajaili la 2001 waliloandika wale watu 17 halijasema nyaraka hazina kazi. Limesema programu inayofanya kazi inathaminiwa zaidi ya nyaraka nyingi, na hapo hapo likakiri kwamba za upande wa pili nazo zina thamani. Kwa hiyo mtu asije akaniambia "sisi ni ajaili hatuandiki". Hapana. Mtaandika, ila mtaandika wakati mnafanya.

Ninachoshauri kifanyike hivi. Jedwali moja tu: kifungu, tafsiri yenu, kazi iliyotokana nacho, jaribio, ushahidi. Kazi yoyote isihesabiwe imeisha mpaka mstari wake kwenye jedwali umejaa. Hapo kila wiki mbili mnakuwa na ushahidi wa wiki mbili, na mwisho hakuna ule mwezi wa mateso wa kutengeneza nyaraka za kazi zilizofanyika zamani ambazo hata aliyezifanya keshahama. Nyaraka zilizoandikwa baada ya kazi zinajulikana, mkaguzi mzoefu anaziona tu kwa tarehe.

Jambo lingine, mtu wa uzingatiaji akae ndani ya timu, sio kwenye kamati. Swali la tafsiri likitumwa kwa barua pepe linarudi baada ya wiki tatu likiwa na majibu ya kuzunguka mbuyu. Akiwa pale pale anajibu siku hiyo, na lile asiloweza kulijibu analipeleka rasmi kwa mdhibiti mapema. Wadhibiti wanapokea maswali jamani. Ulizeni kwa maandishi, tunzeni majibu.

jiwe_la_msingi

Nawaheshimu wote hapo juu ila mimi nasimama na wotafoli kwa mradi wa aina hii na nitaeleza.

Kwanza tarehe inajulikana na mahitaji yanajulikana, hiyo ndo hali ambayo mpango wa hatua kwa hatua unafanya kazi vizuri kuliko yote. Pili huu mradi sio wa timu ya programu peke yake, kuna mafunzo ya watoa huduma, kuna kubadilisha mikataba ya wateja, kuna mawasiliano, kuna wakandarasi, na hawa wote hawaendi kwa spirinti, wanataka tarehe ili wajipange. Tatu, na hili nimeliona sana, taasisi kubwa zikisema zinafanya ajaili kinachotokea ni hakuna anayeweza kusema tumefika wapi. Kila spirinti ripoti ni kijani, yani mambo yako sawa, kila onyesho la kazi watu wanapiga makofi, halafu mwezi mmoja kabla ndo inagundulika kuna kipande kizima hakuna aliyekigusa. Kwenye wotafoli angalau hati ya mahitaji ikisainiwa unajua unadaiwa nini.

Na kamati ya uongozi inataka kuona ngazi: tarehe hii mahitaji yameisha, tarehe hii usanifu, tarehe hii majaribio. Ukiwapelekea lugha ya pointi za spirinti, zile timu inazopimia kazi yake, hawatakuelewa, na mtu asiyekuelewa hakupi hela.

mzee_wa_mifumo

Jiwe, hoja yako ya wakandarasi na mafunzo naikubali yote, wale wanahitaji tarehe na wapewe. Ila hilo la kwamba mahitaji yanajulikana ndo tunapoachana, soma tena swali: muongozo wa ripoti ni rasimu.

Alafu kuhusu wotafoli yenyewe, ile karatasi ya Winston Royce ya mwaka 1970 ambayo kila mtu anaitaja kama chanzo, yeye aliuchora ule mchoro wa hatua kwa hatua kisha akasema ukitekelezwa hivyo ulivyo una hatari na unakaribisha kushindwa, kwa sababu kujaribu kunakuja mwishoni kabisa na ndipo unapogundua usanifu haufai. Akapendekeza mrudie rudie na hata mjenge mara mbili.

Na tatizo la kijani feki lipo kwa wote. Tovuti ya bima ya afya ya serikali ya Marekani, healthcare.gov, ilikuwa na tarehe ya kufunguliwa iliyowekwa rasmi, 1 Oktoba 2013, ripoti za maendeleo zilikuwepo, wakandarasi walikuwa wengi, na wakandarasi wenyewe walikuja kuliambia bunge kwamba majaribio ya mfumo mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho yalipata kama wiki mbili tu kabla ya kufungua. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa 6. Kwenye majimbo 36 yaliyoitegemea. Vipande vilikuwepo, vikaunganishwa mwishoni, ndo hayo.

jiwe_la_msingi

Sawa kwenye majaribio nakubali, hata kwenye wotafoli nzuri huwezi kusubiri mwisho kuunganisha. Ila nasisitiza, lazima kuwe na mtu anayejua siku yoyote ile ni vifungu vingapi vimekamilika na vingapi bado. Namba, sio hisia.

bi_mkaguzi

Jiwe hapo umesema la maana na ndo kazi ya lile jedwali. Kwa kamati usipeleke pointi za spirinti, peleka vifungu: vilivyokamilika na ushahidi, vilivyo njiani, vinavyosubiri tafsiri. Hiyo lugha kila mkurugenzi anaielewa maana ndo lugha ya faini.

nahodha_wa_mradi

Asanteni sana, mmeshanifungua macho. Niongeze maelezo maana naona yatabadilisha ushauri. Mfumo mkuu wa akaunti ni wa zamani, sio wetu, ni wa kampuni ya nje, na wao wanatoa mabadiliko kwa robo mwaka, ukikosa dirisha la robo hii unasubiri lijalo. Aplikesheni ya simu ni yetu wenyewe. Data ya miamala imetawanyika kwenye mifumo mitatu na namba za utambulisho wa mteja hazifanani. Timu yangu ni ndogo, nikiigawa vipande vipande inaisha nguvu.

binti_data

Nahodha haya maelezo ya mwisho ndo mradi wenyewe. Mngeanza nayo, sasa hivi tungekuwa tunaongea lugha nyingine.

Naona mnatafuta mbinu moja ya mradi mzima na nadhani hapo ndipo ugomvi wa kambi mbili unapotoka. Mna madai matatu ya sheria na hayafanani hata kidogo. Kila moja liulize maswali mawili: nini hatukijui, na tukikosea tunaweza kurudi nyuma? Mbinu itajichagua.

Chukua ripoti ya kila siku. Usichokijua ni kingi, fomati ni rasimu, data zenu hazipatani. Lakini ukikosea faili la majaribio unalitupa unatengeneza lingine, hakuna aliyeumia. Hii ni kazi ya kurudia rudia kwa asilimia mia. Msisubiri muongozo wa mwisho. Wiki za mwanzo kabisa tengenezeni ripoti moja nyembamba, aina moja ya muamala, kutoka mfumo wa chanzo mpaka faili la mwisho, hata kama lina makosa. Tenganisheni kazi ya kukusanya na kusafisha data na kazi ya kupanga fomati, kusanyeni kwenye meza yenu wenyewe ya kati yenye majina yenu, halafu kipande kidogo peke yake ndo kigeuze kwenda fomati ya mdhibiti. Muongozo wa mwisho ukija ukiwa umebadilika mnagusa kile kipande kidogo tu. Na niamini, ugumu hautakuwa kwenye fomati, utakuwa kwenye hizo namba za wateja zisizofanana. Mteja mmoja ana namba tatu, jina limeandikwa namna nne, tarehe ya kuzaliwa kwenye mfumo mmoja ni 1 Januari ya mwaka fulani kwa sababu karani hakuijua. Mdhibiti akianza kupokea ripoti atazikataa hizo. Kusafisha kunachukua miezi na hakuharakishwi na mbinu yoyote, kwa hiyo kuanze leo, hata kabla kamati haijakaa.

Uthibitisho wa hatua mbili ni kitu kingine. Teknolojia yake inajulikana, sio mpya. Usichokijua ni watu. Wateja wangapi namba zao za simu ni za zamani? Wangapi wana toleo la zamani la aplikesheni? Wangapi wanatumia simu ya mwenzao? Hiyo haijibiwi kwenye hati ya mahitaji hata mkiandika mwaka mzima, inajibiwa kwa kuwasha kwa wafanyakazi wenu kwanza, halafu kikundi kidogo cha wateja, halafu kikubwa. Mnaweka swichi ndani ya programu, likitokea tatizo mnazima, siku hiyo hiyo wateja wanarudi walikokuwa. Sasa ili uwe na nafasi ya kuwasha kidogo kidogo inabidi iwe tayari mapema sana, sio wiki ya mwisho. Ulaya walipoweka takwa kama hili, tarehe ilikuwa 14 Septemba 2019, na kwa malipo ya kadi mtandaoni ikabidi mamlaka ziwape watu nafasi mpaka 31 Desemba 2020 kwa sababu soko zima halikuwa tayari. Shida haikuwa kwamba hakuna aliyejua kuandika programu ya kutuma namba ya siri, shida ilikuwa mnyororo mrefu, benki, wauzaji, wateja, wote wabadilike kwa pamoja.

Kufuta data sasa. Hapa niko na Jiwe bega kwa bega. Ukifuta umefuta. Fundi akikata kitambaa kabla hajapima, hakuna spirinti ya kukirudisha. Hii ifanyike kwa hatua: andikeni sheria za utunzaji kwa kila aina ya data, wanasheria wasaini, angalieni sheria zingine zinazotaka data hiyo hiyo itunzwe muda mrefu zaidi (za utakatishaji fedha mara nyingi zinagongana na za faragha), angalieni nakala za akiba, angalieni kesi zilizoko mahakamani ambazo data zake haziguswi, sanifuni, jaribuni kwenye mazingira ya majaribio, wiki kadhaa mfumo uonyeshe tu "ningefuta hizi" bila kufuta, watu wahakiki, ndipo uruhusiwe kufuta. Wotafoli safi kabisa na hakuna aibu.

Na mfumo mkuu wa kampuni ya nje unakulazimisha wotafoli utake usitake. Dirisha la robo ni dirisha. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa nahodha, kesho, tafuta ni nini hasa unahitaji kutoka kwao na peleka ombi rasmi, maana una madirisha mawili tu ya maana kabla ya tarehe, na la pili usilitegemee. Chochote unachoweza kufanya nje ya mfumo wao kifanye nje.

kasi_ya_wastani

Dada binti_data umemaliza. Mimi naongeza kidogo kwenye hilo la kuwasha kidogo kidogo maana watu wakibanwa na tarehe wanavutiwa sana na kuwasha vyote usiku mmoja. Benki ya TSB ya Uingereza Aprili 2018 ilihamisha wateja wake kwenda mfumo mpya kwa mkupuo wikiendi moja. Wateja milioni 5.2, na matatizo yakaendelea mpaka Desemba ndo huduma zikarudi kuwa za kawaida. Desemba 2022 wadhibiti wawili wakaitoza faini ya jumla ya pauni milioni 48.65. Ile haikuwa tarehe ya sheria, ilikuwa tarehe yao wenyewe, lakini angalia faini ilitolewa kwa nini: kwa namna walivyosimamia hatari za kuhama. Kwa hiyo nahodha kamati ikikwambia "muhimu tuwahi tarehe", wakumbushe kwamba unaweza kuwahi tarehe na bado ukatozwa faini.

fundi_mitambo

Wakuu swali la pembeni, vipi mdhibiti akisogeza tarehe? Mara nyingi wanasogeza, si ndio?

mzee_wa_mifumo

Wanasogeza baadhi. IFRS 17, kiwango cha uhasibu cha mikataba ya bima, ilitolewa Mei 2017 ianze 1 Januari 2021, ikaja kuanza 1 Januari 2023. Sheria ya masoko ya fedha ya Ulaya, MiFID II, ilisogezwa mwaka mzima ikaanza 3 Januari 2018. Upande wa pili GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda data za watu, ilipitishwa Aprili 2016, ikasema 25 Mei 2018, na 25 Mei 2018 ikafika kama ilivyoandikwa, na adhabu yake inafika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya dunia nzima ya kampuni, kubwa kati ya hizo. Waliokaa wakisubiri isogezwe walijikuta maji yamefika shingoni.

Kwa hiyo panga kama haitasogea. Ikisogea tumia muda huo kuendesha sambamba, yani mfumo wa zamani na mpya kwa pamoja, na kurekebisha, usirudishe zile dashibodi tulizotoa.

Na GDPR ina funzo lingine kwa nahodha. Ile inataka uvujaji wa data uripotiwe kwa mamlaka ndani ya saa 72 tangu mlipoujua. Hilo halijengwi kwa programu peke yake, ni nani anapigiwa simu usiku, nani anasaini, nani anaandika barua. Kwenye kanuni zenu lazima kuna vifungu vya namna hiyo, ambavyo havina mstari hata mmoja wa programu na ndo vinasahaulika maana hakuna timu inayoviona vyake. Kwenye jedwali la bi mkaguzi viwe na jina la mtu.

Moja zaidi. Hesabuni kutoka mwisho kurudi nyuma. Tarehe ya sheria. Toa muda wa kuendesha sambamba. Toa muda wa jaribio la usalama la watu wa nje na wa kurekebisha watakachokuta, maana lazima watakuta kitu. Toa kile kipindi cha kufunga mifumo. Toa muda wa kamati kukaa na kuidhinisha. Unachobaki nacho ndo muda wa kujenga, na kwa mliyoyasema hapa sidhani unazidi miezi minne. Hiyo namba iweke ukurasa wa kwanza wa pendekezo. Kambi zote mbili zikiiona ugomvi wa mbinu utapoa wenyewe.

nahodha_wa_mradi

Jamani sijui niwashukuru vipi. Nimekaa na mwanasheria mmoja tangu asubuhi, tumesoma vifungu vya ripoti peke yake na tayari kuna mahitaji ya kwenye orodha yetu ambayo hayana kifungu. Nadhani pendekezo litakuwa hivi: tarehe na ngazi za nje zipangwe mwanzo mpaka mwisho kama Jiwe alivyosema, kwa ajili ya kamati, wakandarasi na mafunzo. Ripoti iende kwa kurudia rudia tukianza na data. Uthibitisho uwe tayari mapema na uwashwe kwa makundi. Kufuta kuende hatua kwa hatua. Jedwali la vifungu liwe ndo ripoti ya maendeleo. Ombi la kampuni ya nje linaondoka leo.

Kilichobaki ni timu ndogo. Mambo matatu kwa wakati mmoja na watu wale wale.

binti_data

Usiyaendeshe yote matatu kwa wakati mmoja basi. Watu wa programu waanze ripoti na uthibitisho. Kufuta kwa miezi ya mwanzo ni kazi ya wanasheria na wenye data, ni kalamu na karatasi, haihitaji mwandishi wa programu hata mmoja. Sheria za utunzaji zikishasainiwa, uthibitisho utakuwa umeshatoka kwenye kujengwa uko kwenye kuwashwa, hapo watu wawili wanahamia kwenye kufuta.

Ila mtu anayesafisha data asiguswe mpaka mwisho. Kila mradi ukibanwa huyo ndo anachomolewa wa kwanza kwa sababu kazi yake haionekani kwenye onyesho. Muandike jina lake kwenye pendekezo na kamati isaini kwamba hatolewi.

bi_mkaguzi

Na nahodha, tafsiri ya neno "siku" kwenye ripoti ya kila siku iulizeni kwa mdhibiti wiki hii hii. Siku ya kazi au siku ya kalenda, inaisha saa ngapi, na muamala uliorudishwa kesho yake unaripotiwa wapi. Hilo likijibiwa kwa kuchelewa linarudisha nyuma kazi yote ya binti_data.

nahodha_wa_mradi

Hilo halikuwepo kabisa kwenye orodha yetu. Naandika barua sasa hivi.